Muhogo wa Usiku Mmoja

Nina kitendawili, na kabla sijakitega naomba mkae. Si kuchuchumaa kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kukaa, makalio chini, miguu mbele. Mmekaa? Basi sikilizeni. Nina mgeni. Nikimlaza majini siku nne, ananilisha. Nikimwamsha mapema, ananikalia miguuni. Nani huyo?

Msijibu. Na asitoke mtu akaniambia "chukua mji", maana nitauchukua kweli. Tazameni kwanza miguu ya Tunu, kwa sababu habari yote hii ni ya miguu ile miwili.

Ilikuwa miguu myembamba kama mipini ya mwiko, yenye vumbi mpaka magotini, na goti la kushoto lilikuwa na kovu la kuangukia kinu. Tunu alikuwa na miaka saba. Aliruka kamba ya mgomba mara mia na kumi bila kukosea, akihesabu kwa sauti, na alipofika mia na kumi aliacha, si kwa kuchoka, ila hesabu ilikuwa imemwishia, hakujua kinachofuata. Mama yake, Somoe, alikuwa akimtazama huku anatwanga, na kila mchi uliposhuka alijisemea neno lile lile: hii miguu haitoki humu. Hii haitoki.

Kutoka wapi? Ndiyo niwaeleze mji.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Zamani ulikuwa nalo. Watu wake walipenda vitendawili, na desturi yao ilikuwa hii tunayoijua sote: mmoja anatega, wengine wanafikiri, wakishindwa wanampa mji, naye anausafiria mji huo kwa maneno tu, anakula, analala, anasifu alichokiona, kisha anarudi na jibu. Utamu wake ulikuwa pale katikati, pale mtu anapokuna kichwa na kumtazama jirani yake kama vile jibu limejificha kwenye sikio la jirani. Lakini polepole watu wale wakaanza kuona kukuna kichwa ni kupoteza siku. Mtegaji hajamaliza kutega, wao wameshatoa mji. Wakatoa miji ya mashariki yote, wakatoa ya magharibi, wakatoa ya ng'ambo ambayo hawajawahi kuiona, hata siku moja akaja mtu wasiyemjua, mtu asiyeonekana sura, sauti yake ikitokea ndani ya pembe, akatega. Wakatafuta mji wa kumpa wakakuta imekwisha. Umebaki huo waliosimama juu yake. Mmoja huko nyuma akapiga kelele: "Mpeni huu huu, tujue jibu, twende zetu!" Wakampa. Akauchukua, na jina lake akalichukua. Jibu hajalileta mpaka leo.

Tangu siku hiyo mji ulikuwa wa pembe, na pembe haikupenda kitu kinachokaa. Ikipulizwa mara moja, jua hupanda. Ikipulizwa mara ya pili, jua hushuka, liwe limefika lilikokuwa likienda au halijafika. Zilikuwepo siku fupi hata mtu aliyebandika maji ya uji asubuhi akayaepua machweo hayajapata moto. Somoe alilala siku moja nywele zake nyeusi tii, akaamka upande wa kulia wote mvi, na hakuwa na nafasi ya kushangaa. Akafunga kitambaa akatoka. Salamu ndizo zilizokatwa mwanzo. Ilikuwa mtu akimkuta mwenzake anauliza za asubuhi, za watoto, za mgonjwa, za shamba, za yule mbuzi aliyepotea. Sasa wakikutana huyu anasema "Nzuri" na yule anasema "Nzuri", wameshapita, hakuna aliyeuliza kitu. Kisha yakakatwa majina. Somoe akawa So, Tunu akawa Tu. Lakini kina So walikuwa watatu mtaani, na likiitwa jina huitika anayewahi, siyo anayeitwa. Ikatokea mara moja Somoe akaitika msiba usio wake, akalia mpaka akamaliza, akarudi nyumbani akakuta mwanamke mwingine ameshasonga ugali jikoni kwake, amemlisha mtoto, ameondoka. Hakuona ajabu. Kazi imefanyika, basi. Mimi nitawaita kwa majina yao mazima, nafasi ninayo.

Na kila mwezi ulipoandama, kila nyumba ilipeleka wigoni kikapu cha unga wa muhogo. Nyumba ya mwisho kufika, mtu wake mmoja hutolewa nje ya wigo. Hapigwi, hafungwi. Wigo unafunguliwa, anatoka, unafungwa. Huko nje walipaita Kungoja. Hakuna aliyewahi kurudi kusimulia kukoje, kwa hiyo kila mmoja alipajaza kwa hofu yake mwenyewe, na hofu ya Somoe ilikuwa na meno.

Muhogo wa huko ni ule mchungu, ambao nguruwe mwitu wenyewe huunusa wakauacha. Unamenywa, unalowekwa siku nne, mpaka ukiubonyeza kidole kinazama na harufu inakukwangua pua. Ndipo unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa. Siku nne. Hakuna aliyejua kwa nini nne. Walijua nne, kama mtu anavyojua njia ya chooni kwake gizani.

Mwezi ule ambao nyumba yao ilifika ya mwisho, kosa lilikuwa la Mfaume, mume wa Somoe, kama ni kosa. Walikuwa wanakimbia wote wanne, yeye na kikapu kichwani, Somoe nyuma yake akimkokota mama mkwe, Tunu mbele, wakamkuta jirani yao Shemsia amekwama katikati ya njia, kikapu kimemlemea, shingo inatetemeka. Mfaume akasimama. Akaweka chake chini, akamtua Shemsia, akamwachia apumue, akamtwika upya. Hayo tu.

"Nyumba ya Mfaume," alisema Bwana Pembe pale wigoni. Huyu ndiye aliyekuwa akipuliza pembe kwa niaba ya mwenye mji, mtu mnene wa mashavu na mwembamba kwingine kote. "Nyumba ya mwisho. Mara ya kwanza anatoka mkubwa. Mara ya pili anatoka mdogo. Ndiyo zamu ilivyo, msininunie mimi, mimi napuliza tu."

"Nilikuwa namtua mtu mzigo," alisema Mfaume. "Shingo yake ilikuwa inakatika."

"Mtu gani?"

Mfaume akanyoosha kidole. Shemsia alikuwa amesimama upande wa waliofika, anajifuta jasho kwa upindo wa khanga, anatazama chini.

"Huyo ameshafika," alisema Bwana Pembe. "Alifika kabla yako."

Watu wakacheka, kicheko kifupi cha mji ule, ha moja. Mfaume akamshika Tunu kichwani, akamtazama Somoe kana kwamba ana maneno mengi, na kwa kuwa maneno mengi yalikuwa hayaruhusiwi, akatoka. Kabla wigo haujafungwa Bwana Pembe aliitupia jicho miguu ya Tunu, kama mtu anayepima kuku.

Mara ya pili anatoka mdogo.

Kuanzia hapo Somoe hakulala, alikuwa anafumba macho tu na kukimbia akiwa amelala. Ndani ya kichwa chake palikuwa hivi:

Siku ya kuchimba. Siku ya kumenya. Siku nne za maji. Siku mbili za jua. Siku ya kinu. Nikichimba usiku nimeokoa moja. Nikimenya ninatembea nimeokoa nusu. Jua siwezi, jua ni la pembe. Kinu nakimbiza mpaka mikono inatoka. Bado maji. Haya maji yanafanya nini siku nne? Yamekaa. Nimeyatazama, yamekaa. Mtu akikaa siku nne anatolewa wigoni, maji yakikaa siku nne tunayaita kazi. Nani aliyesema nne? Kwa nini siyo tatu? Kwa nini siyo moja? Miguu miwili, siku nne. Kila mguu siku mbili. Hii haitoki. Hii haitoki.

Asubuhi alikwenda chumbani kwa Bi Kidawa, mama yake Mfaume. Kikongwe huyo alikuwa na jicho moja bovu na ulimi mzima kabisa, na tangu mwanawe atolewe alikuwa haonekani uani. Salamu ya mkato alikuwa haiitikii.

"Shi, mama."

Kikongwe akaugeukia ukuta.

"Mama, shi!"

"Nasikia mtu anafukuza kuku. Nani huyo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mjukuu wangu kaamkaje? Na mumeo huko aliko, unadhani kaamkaje?"

Somoe alikuwa amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mama, nina swali moja tu. Muhogo ukilala majini usiku mmoja, kunaharibika nini?"

Bi Kidawa alicheka mpaka jicho bovu likatoa machozi. "Swali la mbio hilo. Kaa nikutegee."

"Mama, sina nafasi..."

"Nina mgeni. Nikimlaza majini siku nne, ananilisha. Nikimwamsha..."

"Chukua mji!"

"Sijamaliza, mwali."

"Chukua tu, mama, niambie jibu."

"Mji gani? Kwani imebaki?"

"Chukua huu."

"Huu una mwenyewe." Bi Kidawa akajipangusa jicho. "Lakini haya, umetoa, nimechukua. Nikaenda mji huo. Nikatandikiwa mkeka. Nikaletewa maji ya kunawa, nikanawa kidole kimoja, nikanawa cha pili, nikanawa cha tatu. Nikaulizwa, mgeni, unakula samaki au kuku? Nikasema, leteni vyote, sina haraka, mimi mwanangu ametolewa na mkwe wangu ananiamkia kama kuku..."

Safari ile aliivuta makusudi. Msimwone mbaya sana. Alikuwa na donda, na mtu mwenye donda akipata cha kusugulia atakisugua. Aliutembea mji ule mtaa kwa mtaa, akaingia nyumba hii akatoka ile, akasifu mchuzi, akalaumu chumvi, na alipogeuza jicho lake zima amwone mkwewe anavyoungua, akaona mlango mtupu. Somoe alikuwa ameshaondoka tangu kidole cha pili.

Angeweza kumwita. Sauti alikuwa nayo. Akauambia mlango, taratibu, "Na jibu lake ni muhogo," akaridhika kama aliyeshinda.

Usiku mmoja, basi. Asubuhi Somoe aliubonyeza, kidole kikagoma. Akaukata kwa panga vipande vya ukucha, akauanika, akautwanga. Unga ulitoka mweupe, hata kuliko ule wa zamani. Alipouonja ulimi ulisinyaa kidogo, kisha ukasahau. Ulimi nao ulikuwa raia wa mji ule. Mwezi ulipoandama alifika wigoni majani bado yana umande, peke yao, yeye na mtoto na kikongwe aliyemkokota kwa mkono. Bwana Pembe mwenyewe alikuwa hajafika.

"Nyumba ya kwanza!" Bwana Pembe alipuliza mpaka mashavu yakawa kama vibuyu. Jua likaruka. Watu waliofika nyuma wakampigia makofi huku wanamchukia. Tunu akatoa kamba yake akaruka pale pale mbele ya wigo, mia na kumi.

Ilibidi Shemsia aje. Alikuja na kujikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa, akakunja mikono.

"We So, niambie. Una jini au una mabawa?"

"Nenda zako, Shemsia."

"Siendi. Nitakaa hapa hapa mpaka uchelewe. Nikikukalia asubuhi nzima unadhani utamenya saa ngapi? Nipe siri nikuache."

"Wewe una haki ya kuniomba siri? Wewe?"

Shemsia akaangalia pembeni. "Sikumwambia anitue," alisema. "Nilimwambia nenda, baba Tu, nenda. Akanitua. Mtu mwingine angefanyaje, nami nina watatu kule ndani?" Kisha akakaza macho. "Siondoki, So."

Kivuli kilikuwa kinatambaa. Somoe akakitazama, akatazama muhogo usiomenywa, akamtazama Tunu. "Usiku mmoja," alisema.

"Usiku mmoja! Na hauui?"

"Unaniona nimekufa?"

"Unaonekana kama kinyago, lakini hujafa." Wakacheka wote wawili, ha moja kila mmoja, na Shemsia akaondoka mbio na siri yake ikadondoka mlango kwa mlango.

Sasa oneni ukatili wa jambo hili. Mwezi uliofuata mji mzima ulilaza muhogo usiku mmoja. Wote wakafika pamoja, na bado ilikuwepo nyumba ya mwisho, maana nyumba ya mwisho huwa ipo tu. Akatolewa mzee mmoja aliyeichelewesha nyumba yake kwa kuvaa viatu. Kwa hiyo Somoe akapunguza: asubuhi mpaka jioni. Wakamfuata. Akapunguza: mpaka mchana. Wakamfuata. Mwisho alikuwa anausuuza tu kama vikombe vya wageni, anautwanga mbichi, anaukausha juu ya bati lenye moto. Siku alizoziokoa zilikwenda wapi? Aliwahi kujiuliza hilo, mara moja, akiwa amesimama na mchi mkononi. Aliziokoa siku nne, halafu nne, halafu nne nyingine, na hakuwa nayo hata moja. Alidhani zingerundikana mahali, kama kuni, aje azikalie siku moja na mwanawe miguuni pake. Akatazama nyuma ya nyumba. Hapakuwa na rundo. Palikuwa na ndoo ya maji, na yale maji, kwa kuwa hakuna aliyeyapa kitu cha kushika, yalikuwa yamekaa kweli sasa, bila kazi, na alipoinama akaona sura ndani yake akasema "Nzuri" akapita, hakujua ni yeye.

Hebu na sisi tusimame hapo kwenye ndoo kidogo. Kungoja ni nini? Watu wa mji ule walisema ni shimo: unatumbukiza siku, haitoki. Lakini nani aliyewahi kuyaona maji yanavyofanya kazi? Hayatoi jasho, hayaimbi, hayasemi nimechoka. Yanaingia kwenye muhogo kimyakimya, yanamkuta yule mchungu amelala ndani, yanambembeleza, yanamshika mkono, yanatoka naye siku ya kwanza hatua moja, siku ya pili hatua moja. Ukimvuta kwa nguvu anashika nguzo. Na mtu akikuuliza maji yanafanya nini utasema hayafanyi kitu, yamekaa. Mimi naogopa sana mtu anayejua kwa hakika kwamba kitu kilichokaa hakifanyi kitu.

"Mama, mchungu," alisema Tunu kwenye sahani.

"Kula."

"Unaniumiza kichwa."

"Kula haraka, hutausikia."

Akala haraka. Akatapika, akafutwa mdomo, akakimbia. Baadhi ya siku alinyatia kwa bibi yake. Bi Kidawa alikuwa na mtungi mdogo uvunguni, ndani yake vipande viwili vitatu vya muhogo vikilala siku zao nne kwa siri, na alikula vyake peke yake, mlango umeegeshwa. Mjukuu akija humpa tonge. Tonge moja. Mtungi ulikuwa mdogo.

Ilipita miezi, au siku, pembe ilikuwa inapulizwa ovyo. Ila mwezi mmoja uliandama, nao wakatoka kwenda wigoni kama kawaida yao, Somoe na kikapu, Bi Kidawa anakokotwa, Tunu mbele. Walikuwa wanaongoza. Nyuma yao kijivumbi cha mji mzima. Na pale pale ambapo Mfaume alimtua Shemsia mzigo, Tunu alianguka.

Hakujikwaa. Njia ilikuwa nyeupe. Aliinuka, akaanguka. Aliinuka tena, na miguu yake ikasimama kwa vidole, visigino juu, magoti yakagongana na kukatana kama mkasi, akaanguka ubavu.

"Inuka, Tu."

"Inakataa, mama."

"Nani anakataa?"

"Miguu."

Somoe akaigusa. Ilikuwa migumu. Kama muhogo wa usiku mmoja, kidole kiligoma. Kivumbi kikawa kinakaribia, akasikia pumzi za watu, na akilini mwake mlikuwa na jambo moja tu, lile lile: hii miguu haitoki. Ili isitoke lazima kikapu kifike. Akamwambia Bi Kidawa, "Mama, mbio!" Akamvuka mtoto. Mimi nayasema kama yalivyokuwa: alinyanyua mguu, akamvuka mwanawe barabarani, akakimbia kumwokoa.

Alifika wa kwanza. Akaweka kikapu mbele ya Bwana Pembe, akashika mbavu.

"Nyumba ya Somoe," alisema. "Ya kwanza."

"Nyumba yako ina wangapi?"

"Watatu."

"Nawaona wawili."

Somoe akageuka. Mji ulikuwa unafika, kikapu baada ya kikapu, na kila aliyefika alikuwa amemvuka Tunu. Shemsia alifika, kisha watoto wake watatu, na wa mwisho wao alikuwa anatembea kwa vidole, lakini alifika. Njia ikawa tupu. Kwa mbali, kitu kidogo kilikuwa kinajikokota kwa viwiko.

"Nyumba hufika anapofika wa mwisho wake," alisema Bwana Pembe. "Mara ya pili, mdogo. Ndiyo zamu." Na kwa mara ya kwanza aliishusha pembe, maana ilibidi wote wamngoje Tunu. Mji mzima ulingoja, watu wakitikisa magoti, wakiona aibu kama walioshikwa uchi. Hakuna aliyekwenda kumbeba. Somoe alipotaka kwenda, Bwana Pembe aliweka pembe mbele ya kifua chake. "Atafika mwenyewe. La sivyo hajafika."

Alipofika, mikono inatoka damu, Somoe alimbeba akaenda naye kwenye wigo. "Natoka na yeye," alisema. Hakuna aliyemkataza, mji ulikuwa umeshachelewa vya kutosha.

"Mwali," aliita Bi Kidawa. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama majivu yaliyomwagiwa maji. "Jibu lako lilibaki kwangu. Muhogo. Ulitoa mji ukaondoka. Nikimwamsha mapema ananikalia miguuni. Ndivyo kinavyokwisha."

"Ulijua?"

"Nilijua maneno. Mama yangu aliyasema hivyo, na mimi nikayasema hivyo. Tumbo nilijua litakuuma, nikasema acha likuume, ujifunze. Miguu..." Alitazama miguu ile miwili iliyoning'inia kwenye mkono wa Somoe. "Miguu nilidhani ni ya kunogesha tu."

Wigo ukafunguliwa. Ukafungwa.

Nje hapakuwa na kitu cha kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Somoe. Palikuwa na jua linalokwenda kwa mwendo wake. Palikuwa na mashimo ya maji yaliyozungushiwa mawe, na ndani ya maji muhogo umelala, mwingine wa jana, mwingine wa juzi, na watu wamekaa kando wanasuka, wanachambuana chawa, wanabishana kwa sentensi ndefu. Yule mzee wa viatu alikuwa yupo, anamaliza hadithi aliyoianza siku alipotolewa. Na Mfaume akaja na ndoo mbili, anatembea. Somoe hakutazama uso. Alitazama chini, akaona visigino vya mumewe vinagusa ardhi, kimoja, kingine, kimoja, kingine. Vya wote pale viligusa. Alikuwa amekimbia muda wote ule ili mtoto asifike mahali ambapo miguu yake ingekuwa mizima.

"Hamjambo?" alisema Mfaume, na macho yake yalianza kujaa. "Mmeamkaje? Mama hajambo? Njia ilikuwaje? Tunu, mwanangu, huja..." Akaiona miguu. Salamu ikakatika, na huko nje hakuna salamu iliyokuwa imewahi kukatika.

"Baba," alisema Tunu, "baada ya mia na kumi ni ngapi?"

"Mia na kumi na moja."

"Kumbe inaendelea."

Walimweka kando ya shimo. Akautazama muhogo chini ya maji kwa muda, akachovya kidole.

"Huu umelala siku ngapi?"

"Nne," alisema Somoe, akiubonyeza, kidole kikazama.

"Ulikuwa mgumu?"

"Kama jiwe."

"Sasa laini?"

"Laini."

Tunu akafikiri. Alikuna kichwa, kama watu wa zamani. "Na miguu yangu, tukiilaza humu, siku ngapi?"

Hapo Somoe angengoja. Hapo kuliko popote maishani mwake, palihitaji angoje kidogo kabla ya kusema. Lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake. "Nne," alijibu.

Basi Tunu akateremsha miguu majini, akakaa. Siku ya nne ilifika na kupita, naye hakulia. Alisema huenda yake ni michungu kuliko muhogo. Kila asubuhi Mfaume alimbeba akamweka pale, na Somoe akakaa kando yake, hana pa kukimbilia, anahesabiwa siku sikioni. Saba. Arobaini. Tisini. Mtoto alihesabu mpaka mia na kumi, na safari hii alijua kinachofuata. Asubuhi hiyo, ya mia na kumi na moja, Somoe hakuweza tena. Aliingia majini mpaka kiunoni, akapitisha mikono chini ya magoti yale yaliyokatana, akamnyanyua.

Tunu akamshika shingo, akamnong'oneza kama mtu anayembembeleza mwenzake mwenye papara:

"Usinitoe mapema, mama. Bado haijalainika."